Simu Yangu Ilipokula Ugenini



Tangu niliporudi kutoka Roma mwezi wa Oktoba mwaka 2025, watu wengi wa parokia zetu hapa Kisangani wamenisimamisha njiani ili niwasimulie habari za safari. Wengine wauliza juu ya Baba Mtakatifu, wengine juu ya ukubwa wa kanisa la Mtakatifu Petro, na vijana wauliza kama ndege hutikisika. Hayo yote nimekwisha kuyajibu kwa mdomo, tena mara nyingi. Leo nataka kuandika juu ya jambo ambalo hakuna aliyeniuliza, nalo ndilo ninalolionea haya: habari ya simu yangu ya mkono, na jinsi baiskeli ya ndugu mmoja wa shirika letu ilivyouzwa kwa ajili yake.

Mimi ni katekista katika mtaa wa Mangobo. Nilipata kusoma seminarini miaka kadhaa kabla ya kutambua kwamba Mungu ameniitia ndoa, na kwa sababu hiyo watu hunidhania kuwa najua mambo mengi. Hata fedha za shirika walinipa mimi kuzitunza. Fedha zenyewe si nyingi. Kila Jumapili kila nyumba hutoa faranga kidogo, na mkusanyo huo ni wa kusaidiana: mtu akifiwa, akiugua, au mama akijifungua kwa taabu. Zamani tulizitia katika kopo la maziwa, na siku moja kopo likaibwa. Ndipo tulipopatana kuziweka ndani ya simu, kwa njia ile ya fedha za simu ambayo sasa kila mama wa sokoni anaijua. Laini ikawa yangu, na namba ya siri ikakaa kichwani mwangu peke yangu. Mwezi wa Septemba mwaka ule zilikuwa zimefika dola 140.

Tarehe 26 hadi 28 za mwezi huo ndiyo ilikuwa Jubilei ya Makatekista huko Roma, katika Mwaka Mtakatifu, nami nikapata neema ya kupelekwa. Mdogo wangu aliye Ubelgiji alikuwa amenitumia simu yake ya zamani, nzuri kupita kipato changu. Siku ya kuondoka, kabla ya kwenda uwanja wa Bangboka, niliongeza salio la dola 20 nikajiona mtu mwenye busara. Nalijisemea moyoni: kwa dola hizi nitazungumza na mke wangu kila jioni mpaka nitakaporudi.

Tulipita Kinshasa, tukapita Addis Ababa, tukafika Roma siku ya Alhamisi. Mara ndege ilipotua nikawasha simu, ikapokea ujumbe mrefu wa Kifaransa wa kunikaribisha Italia, wenye bei nyingi ndani yake. Sikuusoma hata nusu. Nilikuwa na usingizi, tena nani husoma ujumbe wa kampuni ya simu? Kesho yake asubuhi, nilipotaka kumpigia mke wangu, nikaangalia salio kwanza. Zilibaki dola tatu na senti kidogo. Sikuwa nimempigia mtu hata mmoja.

Nilidhani nimeibiwa. Katika nyumba ya masista tulipofikia alikuwako Sista mmoja mwenyeji wa Isiro, anayesoma huko Roma, nikamwonyesha simu huku nikinung'unika. Akaichukua, akabofya hapa na pale, akacheka. "Mwalimu," akasema, "hakuna mwizi. Simu yako imekula ugenini usiku kucha, na bili umeletewa wewe." Kumbe wakati mimi nimelala, yenyewe ilikuwa kazini: ikipokea picha na nyimbo zote za kikundi cha kwaya kwenye WhatsApp, ikipeleka picha zangu kwenda kuhifadhiwa, ikijipyaisha programu moja baada ya nyingine. Simu za siku hizi hazilali. Nyumbani hatuoni, kwa sababu kifurushi kikiisha, basi kimeisha, na mambo yamekoma. Lakini ugenini kila mega moja hulipwa kwa bei ya ugenini, na salio likiwapo litaliwa.

Hapo ndipo nilipotaka kufahamu hasa jambo hili ambalo makampuni huliita rominga. Yule Sista alinieleza kwa subira, nami nikayageuza maelezo yake kwa mfano ambao kila katekista anaujua. Labda utawafaa na ninyi.

Mkristo abatizwapo, jina lake huandikwa katika kitabu cha ubatizo cha parokia yake. Aende atakakokwenda, kitabu kile hakimfuati. Akitaka kufunga ndoa katika parokia ya mbali, padri wa huko hamkubali kwa uso wake tu. Huandika barua kwa parokia ya nyumbani kuuliza, Je, huyu ni wenu? Na ndoa ikiisha kufungwa, habari hurudishwa nyumbani, iandikwe pembeni mwa jina lake katika kitabu kile kile cha kwanza. Basi simu nayo ndivyo ilivyo. Ndani ya kadi yake mna namba ndefu, kwa kawaida tarakimu 15, ambayo si ile tunayopeana sisi. Tarakimu tatu za mwanzo ni za nchi: Kongo yetu ni 630, Uganda ni 641, Italia ni 222. Simu yangu ilipowashwa Roma, ilisema namba yake kwa mnara wa karibu. Mnara ukaona 630, ukajua kwamba huyu si mtoto wa hapa. Mara moja, kwa kitambo kifupi kuliko kupiga ishara ya msalaba, ukauliza Kongo: Huyu ni wenu? Mwataka tumpokee? Kampuni ya nyumbani ikajibu naam, ikaandika kitabuni mwake: mtu wetu yuko Roma. Tangu hapo mtu wa Mangobo akinipigia, simu yake huenda kwanza kwenye kitabu cha nyumbani, nacho kitabu ndicho kinachoielekeza Roma.

Mkilifahamu hilo, mtafahamu pia kwa nini kupokea simu ugenini kwaweza kukugharimu, hali kwetu kupokea ni bure. Aliyekupigia amelipa mpaka nyumbani tu. Kipande cha kutoka nyumbani mpaka uliko wewe ni juu yako. Na mambo ya intaneti ni ya ajabu zaidi, maana kwa kawaida nayo hurudishwa nyumbani kwanza. Mimi nikiwa Roma nikafungua gazeti la Roma, maneno yake yaliondoka pale mjini, yakaenda Kongo, yakarudi tena kwangu, kama mtu wa Mangobo atakaye kwenda Tshopo akapitia Bafwasende.

Lakini msidhani kwamba umbali ndio unaopandisha bei. Kinachopandisha bei ni mapatano ya nyumba kwa nyumba, ama ukosefu wa mapatano. Kampuni ya ugeni humdai mwenyeji wako, na mwenyeji wako hukudai wewe na kujiongezea chake. Tazameni Kinshasa na Brazzaville, miji mikuu miwili inayotazamana juu ya mto huu huu unaopita kwa Wagenia. Mtu aweza kuona taa za ng'ambo kwa macho yake. Hata hivyo, kwa miaka mingi simu ya kutoka mji mmoja kwenda wa pili ilizungushwa kwa setilaiti mpaka mbali kabisa kabla ya kushuka upande wa pili wa mto, na bei yake ilikuwa ya mbali vilevile.

Tena mapatano yakipatikana, bei huanguka. Jambo hili liliwahi kuonekana huku kwetu Afrika kabla ya Ulaya. Kampuni ya Celtel, iliyoanzishwa mwaka 1998 na Mo Ibrahim, mzaliwa wa Sudan, iliunganisha mitandao yake ya Kenya, Uganda na Tanzania mwaka 2006, hata mteja wa nchi moja akiwa katika nchi nyingine alipokea simu bila malipo na kupiga kwa bei ya wenyeji. Mwaka 2007 Kongo yetu iliingizwa katika mpango huo pamoja na Kongo-Brazzaville na Gabon. Baadaye kampuni ilibadili mikono: mwaka 2008 jina likawa Zain, na mwaka 2010 mitandao yake mingi ikanunuliwa na Airtel ya Uhindi. Nchi za Umoja wa Ulaya zilifuta malipo ya ziada ya ugenini baina yao tarehe 15 Juni 2017, yaani miaka zaidi ya kumi baada ya Celtel.

Mwaka 2014 nazo serikali za Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kupatana ili raia wao wakivuka mipaka hiyo wasitozwe bei za kutisha. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwezi wa Julai mwaka 2022. Ila kuingia katika Jumuiya ni jambo moja, na bei ya laini yako mfukoni ni jambo la pili. Kwa hiyo msomaji anayejiandaa kwenda kuhiji Namugongo kwa sikukuu ya tarehe 3 Juni, aulize bei kwa kampuni yake kabla ya kuondoka, asije akadhani kwamba bendera zikipepea pamoja basi na simu zimepatana. Na ajihadhari mapema: karibu na mpaka, kama vile Kasindi au Mahagi, simu yaweza kuushika mnara wa ng'ambo hali miguu ya mwenyewe ingali katika udongo wa Kongo. Sisi wa Kisangani, tulio mbali na mipaka yote, hatuna mazoea na mambo hayo. Ndiyo maana hudanganyika upesi.

Sasa narudi kwa Sista na simu yangu. Aliniambia, "Mwalimu, tukutafutie eSIM." Sikuwa nimelisikia neno hilo. Akanieleza hivi. Kadi ya simu ya kwanza ilitengenezwa mwaka 1991 mjini Munich, Ujerumani, na kampuni ya Giesecke & Devrient, kwa ajili ya kampuni ya simu ya Finlandi. Ilikuwa kubwa kama kitambulisho cha mfukoni. Kisha ikapunguzwa, ikapunguzwa tena, mpaka ikawa hii ya leo inayopotea hata katika mshono wa mfuko. Lakini plastiki haina kazi. Kazi hufanywa na kile kijitu kilichofichwa chini ya kibati cha rangi ya dhahabu, chenye namba ile ndefu na ufunguo wa siri. Mwaka 2016 makampuni ya simu ya ulimwengu yalipatana namna mpya: kijitu hicho kipandwe kiwandani ndani ya simu yenyewe, kikiwa kitupu kama daftari jipya, na namba ije baadaye kwa njia ya intaneti na kuandikwa humo. Hiyo ndiyo eSIM. Mwaka 2022 iPhone 14 ilianza kuuzwa Marekani bila hata tundu la kutilia kadi.

Mtu akitaka kujua kama simu yake ina kijitu hicho, apige *#06# na kutazama kama pana mstari wenye herufi EID. Yangu ilikuwa nao. Ningekuwa na mdogo asiye Ubelgiji, nadhani nisingekuwa nao, kwa maana simu nyingi za mitaani kwetu hazina.

Eti jambo lenyewe ni rahisi! Naam, ni rahisi kwa mwenye mali. Kwanza sharti uwe na kadi ya benki, maana eSIM za wasafiri kwa kawaida huuzwa kwa intaneti. Mimi sina, Sista akanilipia kwa yake, nikamrudishia euro 9 mkononi. Pili sharti uwe na intaneti ili kuiteremsha hiyo intaneti. Kama isingekuwa waifai ya masista ningebaki kama mtu aliyepewa ufunguo wa nyumba uliofungiwa ndani ya nyumba. Tukapokea mchoro wa miraba midogo, myeusi na myeupe, simu ikautazama mchoro kwa kamera yake, na kwa dakika mbili ikawa na laini mbili: ile ya nyumbani katika kadi ya plastiki, na hii mpya isiyo na kadi, yenye giga 5. Laini hiyo mpya haikuwa na namba ya kupigiwa. Ilikuwa ya intaneti tu.

Lakini haikufanya kazi. Tulijaribu, tukajaribu. Mwisho Sista akasema, "Ah, nimesahau. Washa rominga ya laini mpya."

Wasomaji, nilitaka kuinuka kitini. Ule uliokuwa umenila dola 17 katika usiku mmoja, sasa niuwashe kwa mkono wangu? Naye akaeleza, na hapa ndipo palipo fundo la mambo yote. Laini ile ya eSIM haikuwa mwenyeji wa Roma. Nyumba yake ilikuwa nchi nyingine. Nilipofungua kurasa, matangazo yalinijia kwa Kipolandi, ndipo nikatambua. Nayo pia ilikuwa mgeni Roma, inakula ugenini sawasawa na ya kwangu. Tofauti ni kwamba nyumba yake imekwisha kupatana bei na nyumba nyingi, nami nimelipa mbele, hata chakula kikiisha mlango wafungwa bila deni. eSIM haiondoi rominga, kama wengi wanavyodhani. Inakupa tu ukoo wa pili, wenye mapatano mazuri kuliko ukoo wako. Basi katika simu moja yakubidi kuwasha rominga upande huu na kuizima upande ule, na neno ni lile lile moja, limeandikwa mahali pawili.

Sista aliniambia wazi: "Laini ya nyumbani uzime data yake. Laini yenyewe uiache." Nilimsikia, ila sikumsikia. Usiku ule nikiwa peke yangu niliitazama simu nikaogopa zile dola tatu zilizobaki. Je, kama ikijiwasha tena? Nikaona heri kufunga mlango kabisa. Nikaizima laini ya nyumbani yote nzima, data, simu, ujumbe, kila kitu. Nikalala usingizi mzuri. Intaneti ilikuwa tele. WhatsApp ilibaki na namba yangu ya zamani, kwa kuwa Sista alikuwa amenionya nisikubali simu itakaponiuliza kama nataka kubadili namba. Nilimwandikia paroko wangu, nikapeleka picha kwenye kikundi cha kwaya. Nikajiona nipo pamoja na watu wote wa kwetu.

Sikuwa pamoja na wote. Nilikuwa pamoja na wenye simu kubwa. Mke wangu ana simu ndogo ya vitufe, isiyojua WhatsApp wala picha, na katika shirika letu nyumba nyingi ni hivyo. Wao wakinitaka hupiga namba.

Siku ya Jumamosi tarehe 27, jioni, mke wa ndugu mmoja wa shirika alishikwa na uchungu wa kuzaa. Ndugu huyo ni mwendesha toleka. Mnamwona kila siku katika njia ya sokoni, na mto wake wa kitambaa chekundu juu ya kiti cha abiria. Alimpeleka mkewe hospitali kwa baiskeli hiyo hiyo. Huko wakasema mtoto amelala vibaya, lazima apasuliwe, na walitaka kwanza dola 100 za dhamana. Akakimbilia kwa mke wangu, kwa sababu fedha za shirika ni kwa siku kama hiyo. Mke wangu akapiga simu. Sauti ikajibu kwamba namba haipatikani. Akapiga tena. Wazee wa shirika wakaja nyumbani, kila mmoja akapiga kwa simu yake, kana kwamba sauti ile ingewaonea huruma kwa zamu. Fedha zilikuwapo, dola 140, wote walijua zipo, wala hakuna aliyeweza kuzitoa. Saa za Roma mwezi wa Septemba ni sawasawa na za Kisangani, kwa hiyo siwezi hata kujitetea kwamba kwangu kulikuwa usiku wa manane. Saa mbili ya usiku, walipokuwa wakipiga, nilikuwa mezani na makatekista wenzangu, simu iko pembeni ya sahani.

Saa nne ya usiku aliuza baiskeli. Aliyeinunua alijua anachokinunua na kwa nini chauzwa. Akatoa dola 45. Zilizobaki alikopa hapa na pale. Mama alipasuliwa kabla ya mapambazuko, akapona, na mtoto akatoka mzima, wa kiume.

Mimi Jumapili asubuhi nilikuwa katika uwanja wa Mtakatifu Petro, kwenye Misa ya Baba Mtakatifu Leo XIV, katikati ya makatekista wa nchi nyingi nisizozijua hata majina. Nililia kwa furaha. Nayakumbuka sasa machozi yale, nami sijui niyaweke wapi. Jioni ndipo padri msaidizi wa kwetu, aliyekuwa amepata habari baada ya Misa ya pili, aliponiandikia kwenye WhatsApp: "Mwalimu, fungua laini yako. Watu wanakutafuta tangu jana."

Nikaifungua. Ikatafuta mnara, ikaupata, na kwa muda wa dakika chache ujumbe ukaanza kuingia mmoja mmoja, wa namba zote zilizonipigia. Nilihesabu 31. Nikabofya namba za fedha za simu, nikingoja niambiwe kwamba ugenini haiwezekani, kwa kuwa si kila laini hukubali. Yangu ilikubali. Ombi likaenda Kongo likarudi, nikatia namba ya siri, nikapeleka dola 100 kwa mke wangu, na kabla sijapata kuvaa viatu vyangu alikuwa amezipokea. Ingalikuwa rahisi kiasi hicho hicho usiku wa Jumamosi. Hata zile dola tatu nilizozilinda hazikuguswa.

Nimeulizwa na watu wawili au watatu wanaotazamia kusafiri, wafanye nini. Sina elimu kubwa, ila nasema niliyoyalipia. Kama simu yako yaikubali eSIM na una mtu wa kukununulia, inunue na kuiteremsha hapa hapa Kisangani, nyumbani, kwenye intaneti yako, siyo huko. Usiifute hata ukiona haifanyi kazi, kwa sababu mchoro wa miraba kwa kawaida hautumiki mara ya pili. Data yote ipitie laini ya mgeni. Laini ya nyumbani izime data, lakini iache wazi ipigiwe. Ukiogopa gharama ya kupokea, usipokee. Tazama jina la aliyekupigia, kisha umrudie kwa njia nyingine. Ujumbe mfupi kwa kawaida hupokelewa bure, basi wafundishe walio nyumbani kuandika maneno mawili badala ya kupiga mara kumi. Na kama unashika fedha za watu, zikabidhi kwa mwingine kabla hujapanda ndege. Hili la mwisho halihusu simu hata kidogo, nami ndilo nililopaswa kulijua bila kufundishwa na Sista.

Niliporudi tulifanya mkutano wa shirika uani kwangu. Nilieleza yote niliyoyaandika hapa, habari za vitabu, minara na nyumba mbili. Walisikiliza vizuri. Bibi mmoja mzee akauliza, "Sasa Mwalimu, simu hiyo uliizima ili isile. Hiyo nyingine uliiwasha ili ile. Wewe ulikuwa unalisha nani?" Watu wakacheka, nami nikacheka, kwa kuwa sikuwa na jibu. Ndugu yule wa toleka hakucheka wala hakukasirika. Alisema tu kwamba mtoto ananyonya vizuri.

Siku hizi fedha za shirika zimo katika laini ya mama mmoja auzaye samaki, asiyesafiri kupita Lubunga, na namba ya siri anaijua pia mwenyekiti. Baiskeli ya zamani hatukuipata. Aliyeinunua alikwisha kuipeleka njia ya Banalia. Shirika limetoa sehemu ya fedha za baiskeli mpya, nami natoa yangu kila mwisho wa mwezi, zimepungua bado dola 30. Ndugu yule amekodi baiskeli ya mtu, na jioni humpelekea mwenyewe malipo ya siku kabla ya kununua mihogo ya nyumbani. Mtoto nilimwandika mimi mwenyewe katika kitabu cha ubatizo. Baba yake siku hiyo alikuja kwa miguu.

Juzi nilikuwa na haraka ya kwenda mjini, akapita, akanipakia. Nilipotaka kulipa alikataa kwanza, kisha akapokea. Kabla ya kuondoka akaniuliza, "Mwalimu, simu yako iko wazi?"

Nikaitoa mfukoni, tukaitazama wote wawili.